Lev Landau: Msee wa Fizikia Aliyezama Jela ya Stalin, Akapewa Nobel Akiwa Hosi

Najua ukiskia neno fizikia unataka kuhepa hii stori mapema. Tulia kwanza. Hii iko na Stalin, iko na polisi wa siri, iko na ajali mbaya ya barabarani, iko na ndoa ya masharti ya ajabu, na iko na kipande cha selotepu kilichokuja kushangaza dunia miaka 36 baada ya mwenye stori kudedi.

Jamaa anaitwa Lev Davidovich Landau. Mabeshte walimuita Dau tu. Kama umewahi kujiuliza stima hupitaje kwa waya, ama mbona wasee wa sayansi wanabonga kuhusu grafini kila mwaka, basi huyu ndiye mmoja wa wale waliochora ramani. Na maisha yake hayakuwa ya kukaa maktaba akinywa chai.

Mtoto wa Baku aliyemaliza shule na miaka 13

Dau alizaliwa tarehe 22 Januari 1908 huko Baku, mji wa mafuta kando ya Bahari ya Kaspi. Saa hii Baku ni mji mkuu wa Azerbaijan, lakini enzi hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi. Mzae alikuwa injinia wa mafuta, mathe alikuwa daktari. Kwa hivyo keja ilikuwa na vitabu na chakula, na mtoto akaonekana mapema kwamba kichwa chake si cha kawaida.

Alimaliza shule akiwa na miaka 13. Wazazi wakaona huyu bado ni mtoto, atapotelea chuo kikuu, wakampeleka mwaka mmoja kwa chuo cha mambo ya uchumi ndio angalau akue kidogo. Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 14, akaingia Chuo Kikuu cha Baku na akachukua vitengo viwili kwa mpigo: fizikia na hesabu upande mmoja, kemia upande wa pili. Kemia aliiwacha baadaye. Mwaka wa 1924 akahamia Leningrad, penye wasee wakali wa fizikia ya Urusi walikuwa wamejaa, na 1927 akamaliza digrii akiwa na miaka 19.

Sasa elewa wakati. Hiyo miaka ya 1925 na 1926 ndio Heisenberg na Schrödinger walikuwa wametoa fizikia mpya ya kwantamu, ile inayosema vitu vidogo kama elektroni havifuati sheria za mawe na mipira. Ilikuwa kama muziki mpya umedondoka na kila mtu anataka kuingia studio. Dau alikuwa mtaani Leningrad akisoma hayo makaratasi hadi usingizi ukamkimbia. Alilalamika ati amezaliwa miaka michache kuchelewa, kwa sababu ngoma kubwa zilikuwa zimesharekodiwa. Lakini kulikuwa na kazi imebaki. Kazi mob.

Elektroni, sumaku na fleti isiyo na nusu ghorofa

Mwaka wa 1929 serikali ilimruhusu kutoka nje, akazunguka Ulaya mwaka mmoja na nusu hivi. Akapita Ujerumani, Uswisi na Uingereza, na huko Copenhagen akakutana na Niels Bohr, mzee wa kwantamu mwenyewe. Maisha yake yote baada ya hapo, Dau alijiita mwanafunzi wa Bohr, na hakuna mwingine alipewa hiyo heshima.

Katikati ya hizo safari, mwaka wa 1930, akiwa na miaka 22 tu, akaandika karatasi moja kuhusu elektroni ndani ya chuma. Hebu niiweke rahisi, kwa sababu hapa ndio jina lake liliingia kwa vitabu na halijatoka.

Ndani ya waya wa shaba, kila atomi inawacha elektroni moja iende kivyake. Hizo elektroni zinazunguka ndani ya chuma kama wasee wa Gikomba siku ya Jumamosi. Ukileta sumaku karibu, kila elektroni inaanza kupinda njia na kuzunguka duara. Swali la zamani lilikuwa hili: je, hayo maduara yote yanafanya chuma chenyewe kisukume sumaku? Fizikia ya zamani ilisema zii, jumla ni sufuri kabisa. Zile za katikati zinazunguka upande huu, zile za pembeni zinagonga ukuta na kuruka kuelekea upande ule, mwisho zinafutana.

Dau akaweka kwantamu kwa hiyo hesabu na jibu likabadilika. Alionyesha kwamba elektroni ndani ya sumaku haiwezi kuwa na nguvu yoyote inayotaka. Ni kama fleti: unaweza kuishi ghorofa ya tatu ama ya nne, lakini hakuna mtu anaishi ghorofa ya tatu na nusu. Kila elektroni lazima ikae kwa ghorofa yake. Na zikishapangwa hivyo, jumla haiwi sufuri tena. Chuma kinasukuma sumaku, kidogo tu, lakini kinasukuma. Kwa elektroni huru, huo msukumo ni theluthi moja ya ule mvuto ambao Wolfgang Pauli alikuwa ameshauhesabu.

Hizo ghorofa zinaitwa viwango vya Landau hadi leo. Mwanafunzi yeyote wa fizikia ya vyuma, awe Nairobi ama Tokyo, lazima apitie hapo.

Na kuna utamu mwingine. Ukiongeza nguvu ya sumaku polepole, ghorofa zinapanda na kuhama, na tabia ya chuma inapanda na kushuka kama mawimbi. Dau mwenyewe aliona hilo kwa hesabu lakini akadhani hakuna maabara inaweza kulipima. Mwaka huohuo, huko Leiden, Uholanzi, wasee walikuwa tayari wanaliona kwa chuma kinachoitwa bismathi. Mmoja wao alikuwa Mrusi, Lev Shubnikov. Weka hilo jina akilini. Tutarudi kwake na haitakuwa stori ya kufurahisha.

Kharkov: mbogi ya Dau

Mwaka wa 1932 Dau alienda Kharkov, Ukraine, kuongoza kitengo cha nadharia kwa taasisi moja kubwa ya fizikia. Alikuwa na miaka 24, mwembamba kama mlingoti, nywele zimesimama, mdomo haujui kufunga. Kwa mlango wa ofisi aliweka kibao kikionya kwamba aliye ndani anauma. Ulikuwa mchezo, lakini si mchezo sana. Msee akileta hesabu mbovu mbele yake, alikuwa anaambiwa mbele ya watu wote bila sukari.

Hapo ndipo alianzisha mtihani uliokuja kujulikana kama Kima cha Chini cha Nadharia. Usidanganyike na jina. Hicho cha chini kilikuwa juu sana. Ilikuwa mitihani kadhaa ya hesabu na fizikia yote, kuanzia mwendo wa mawe hadi kwantamu. Lakini sikiza hii, na ndio maana mimi niliyewacha chuo kabla ya kumaliza ninamheshimu: hakuwa anaangalia cheti chako, wala mzae wako ni nani. Unapiga simu, unasema unataka kujaribu, unapewa siku, unakuja, unafungiwa na swali. Ukiweza, umeweza. Kuanzia 1934 hadi 1961, waliopita wote walikuwa 43 pekee, na majina yao aliyaandika kwa daftari yake mwenyewe.

Akiwa na mmoja wa hao, Evgeny Lifshitz, walianza vitabu vya fizikia ya nadharia vilivyokuja kufika juzuu 10. Dau hakuwa mtu wa kushika kalamu. Yeye alifikiria na kubonga, Lifshitz ndiye aliandika. Hivyo vitabu bado vinatesa wanafunzi dunia nzima.

Alikuwa pia na ile tabia tunayoijua sana mtaani, ya kupanga nani ni mkali kuliko nani. Venye nyinyi hupigana juu ya marapa watano bora, Dau alipanga wanafizikia kwa skeli. Namba ndogo ndio kali, na kila hatua moja inamaanisha umechangia mara 10 zaidi ya anayekufuata. Newton alipewa 0. Einstein 0.5. Bohr, Heisenberg, Dirac na Schrödinger wakapewa 1. Yeye mwenyewe alijipa 2.5, na miaka ya baadaye akajipandisha hadi 2. Msee wa kujigamba vile, na bado alijua penye anasimama.

1937: mabeshte wanaanza kupotea

Shubnikov, yule wa bismathi, naye alikuwa amerudi nyumbani kutoka Uholanzi na kuanzisha maabara ya baridi kali hapohapo Kharkov. Huyu alikuwa rafiki wa Dau. Mmoja anahesabu, mwingine anapima. Kombinesheni safi.

Halafu ikaja ngori ya Stalin. Mwaka wa 1937 polisi wa siri walianza kuzoa watu kila kona ya nchi: maafisa wa jeshi, walimu, wakulima, wanasayansi. Ulikuwa unashikwa usiku, unalazimishwa kukiri kwamba wewe ni jasusi, stori imeisha. Kharkov ilikuwa na wageni wengi kutoka nje, kwa hivyo ilionekana kama kiota cha maadui. Shubnikov alishikwa. Mwezi wa Novemba 1937 akapigwa risasi, pamoja na wanafizikia wenzake Lev Rozenkevich na Vadim Gorsky. Alikuwa na miaka 36. Familia yake haikuambiwa ukweli kwa miaka mingi.

Dau alikuwa ameshanusa moshi. Mapema 1937 alihepa Kharkov akaenda Moscow, kwa taasisi ya Pyotr Kapitza. Huyo Kapitza naye ana stori yake. Alikuwa amefanya kazi Cambridge kwa miaka mingi, akaja Urusi likizo mwaka wa 1934, serikali ikakataa arudi Uingereza. Ikamjengea taasisi badala yake. Kwa hivyo alikuwa ndani ya kizimba, lakini kizimba cha dhahabu, na alikuwa na kitu adimu sana: Stalin alikuwa anasoma barua zake.

Karatasi moja, mwaka mmoja jela

Ungedhani Dau, baada ya kuona mabeshte wakichinjwa, angenyamaza. Wapi. Mwezi wa Aprili 1938, yeye na rafiki yake Moisei Korets walihusika na kikaratasi kilichopangwa kusambazwa siku ya wafanyakazi, tarehe 1 Mei. Kikaratasi kilisema Stalin amesaliti mapinduzi na hana tofauti na Hitler na Mussolini. Msee, hiyo ni 1938. Watu walikuwa wanapigwa risasi kwa kucheka mzaha tu.

Kikaratasi hakikufika barabarani. Tarehe 27 Aprili 1938 Dau alishikwa. Korets pia alishikwa, na alisota kambini miaka mingi.

Jela ilimmaliza. Alikuwa mwembamba tayari, sasa akabaki mifupa. Baadaye alieleza kwamba alikuwa anafanya hesabu kichwani bila karatasi, na kwamba miezi sita zaidi ingemuua.

Sasa hapa ndio penye stori ingeisha, kama ilivyoisha ya Shubnikov. Lakini siku moja tu baada ya Dau kushikwa, Kapitza aliketi akaandika barua kwa Stalin mwenyewe. Hakusema Dau ni malaika. Alikubali kwamba jamaa ana mdomo mbaya na maadui wengi, lakini akasisitiza kwamba kichwa kama hicho nchi haina kingine. Kimya. Bohr pia akaandika kutoka Copenhagen. Kimya. Kapitza akaendelea kugonga mlango mwaka mzima.

Alikuwa na karata moja kali. Kapitza alikuwa amegundua kitu cha ajabu kwa heliamu. Ukiipoza hadi karibu nyuzi 271 chini ya sufuri, inakuwa maji yasiyo na msuguano kabisa. Inapita kwa kijitundu ambacho hakuna maji mengine yanaweza kupita, na inapanda ukuta wa kikombe ikatoka yenyewe. Hakuna aliyejua mbona. Kapitza akawaambia wakubwa kwamba mtu wa kuelezea hiyo maajabu ni mmoja tu, na mmemfungia.

Mwishoni mwa Aprili 1939 Dau aliachiliwa. Kapitza alitia sahihi kwamba yeye binafsi atawajibika kama Dau ataleta fujo tena. Yaani aliweka shingo yake kwa meza ya Beria, mkubwa wa polisi wa siri. Faili la Dau lenyewe halikufutwa hadi 1990, miaka 22 baada ya kifo chake.

Na alilipa deni. Mwaka wa 1941 alitoa nadharia iliyoelezea ile heliamu. Ndiyo iliyomletea Nobel baadaye.

Msanii na kikosi chake

Baada ya vita, nchi ilitaka bomu la nyuklia, na Dau aliwekwa kwa hesabu zake. Kapitza aligombana na Beria kuhusu hiyo mradi, na mwaka wa 1946 akafutwa kutoka kwa taasisi yake mwenyewe. Dau hakuwa na ujasiri huo tena, na ukweli ni kwamba hakuwa na nafasi hiyo. Alifanya hesabu, akapewa medali na tuzo za Stalin, na Stalin alipokufa mwaka wa 1953 akajitoa kwa hiyo kazi haraka sana. Hapo kila mtu ana maoni yake. Kuna wanaosema alipaswa kukataa. Lakini msee aliyewahi kukaa mwaka kwa ile jela anajua gharama ya kukataa kuliko mimi na wewe.

Kazi yake ya moyo ilikuwa kwingine. Mwaka wa 1950, akiwa na Vitaly Ginzburg, aliandika nadharia ya vyuma vinavyopitisha stima bila kupoteza chochote. Halafu mwaka wa 1956 akarudi kwa elektroni.

Kulikuwa na fumbo moja. Ndani ya chuma, elektroni zinasukumana vibaya sana, kwa sababu zote zina chaji ya aina moja. Lakini ukipima, chuma kinafanya kana kwamba elektroni hazijuani, kila moja inaenda zake. Inakuaje umati wa watu wanaosukumana uonekane kama watu wanaotembea peke yao?

Jibu la Dau lilikuwa la kijanja. Fikiria msanii mkubwa akishuka kwa gari pale katikati ya jiji. Hatembei peke yake. Mashabiki wanamzunguka, mabaunsa wanasukuma, kila akisonga kikosi chote kinasonga. Ukiangalia kutoka juu ya jengo, unaona kitu kimoja kinatembea, ni kizito zaidi na ni cha polepole zaidi, lakini bado unaweza kukifuata kwa macho. Elektroni ndani ya chuma ni huyo msanii pamoja na kikosi. Usihesabu kila mtu, hesabu kikosi kama kitu kimoja. Hapo hesabu inarudi kuwa rahisi. Hii nadharia ndiyo msingi wa jinsi tunaelewa vyuma hadi leo.

Mapenzi, ajali na medali ya hosi

Maisha ya nyumbani? Dau hakuwa mtu wa pombe. Alioa Konkordia Drobantseva, jina la nyumbani Kora, mwaka wa 1937, na mtoto wao Igor akazaliwa 1946. Lakini ndoa yao ilikuwa na mkataba: kila mtu yuko huru, hakuna wivu. Kora aliandika kitabu kuhusu hayo yote, kikatoka 1999, yeye mwenyewe akiwa ameshakufa, na ukikisoma utaona kwamba huo mkataba ulimuumiza yeye zaidi. Dau alikuwa na nadharia ya furaha kama alivyokuwa na nadharia ya vyuma. Ya vyuma ilifanya kazi vizuri zaidi.

Tarehe 7 Januari 1962 asubuhi, barabara ikiwa barafu tupu, gari lililombeba kutoka Moscow kuelekea Dubna liliteleza na kugongana na lori. Dau alivunjika fuvu, mbavu na nyonga. Madaktari walimhesabu kama aliyekufa zaidi ya mara moja. Na hapo ikatokea kitu cha ajabu: wanafunzi wake na wanafizikia wa Moscow walihamia hosi. Walipanga zamu usiku na mchana, wakatafuta mashine ya kupumulia, wakapiga simu Ulaya na Marekani, dawa zikaletwa kwa ndege. Wasee waliokuwa wanatukanwa na yeye kila wiki mbele ya ubao ndio walikuwa wanakimbia na dawa kutoka uwanja wa ndege.

Alikaa bila fahamu wiki karibu sita. Akaamka. Mwaka huohuo Nobel ya fizikia ikatangazwa kuwa yake. Hakuweza kusafiri hadi Stockholm, kwa hivyo mwezi wa Desemba 1962 balozi wa Sweden aliipeleka hosi kule Moscow na akamkabidhi hapo. Haikuwa imewahi kutokea.

Lakini yule Dau wa ubao hakurudi. Maumivu yalibaki, na fizikia mpya haikutoka tena. Alikufa tarehe 1 Aprili 1968, akiwa na miaka 60.

Selotepu ya Manchester

Sasa ile ahadi yangu ya mwanzo. Katikati ya miaka ya 1930, Dau na Rudolf Peierls, kila mtu kivyake, walionyesha kwa hesabu kwamba karatasi ya atomi iliyo bapa kabisa, unene wa atomi moja, haiwezi kusimama peke yake. Joto linafanya atomi zitetemeke, na kwa kitu chenye pande mbili pekee, mitetemo mirefu inajumlika. Karatasi ikizidi kuwa kubwa, atomi zinahama kutoka kwa nafasi zao hadi mpangilio unaharibika. Watu wakaamini, na kwa miaka 70 karibu kila mtu akaona hakuna haja ya kutafuta.

Mwaka wa 2004, pale Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walichukua grafaiti, ile kitu nyeusi ndani ya penseli, wakaibandika selotepu na kuivuta, tena na tena. Hiyo selotepu maabara nyingi zilikuwa zinaitumia kusafisha grafaiti halafu zinaitupa. Kwa vipande vilivyobaki, wakapata karatasi ya kaboni ya unene wa atomi moja. Grafini. Nobel ikafuata 2010.

Kwa hivyo Dau alikosea? Hesabu yake iko sawa. Ni masharti yake ambayo watu walisahau kusoma: karatasi bapa kabisa, kubwa bila mwisho, ikielea peke yake. Grafini halisi ni kipande kidogo, mara nyingi imelalia kitu kingine, na ukiining'iniza inajikunja mawimbi madogo kwenda juu na chini. Hayo mawimbi ndiyo yanaisaidia kukaa.

Na cheki hii. Geim na Novoselov wote wawili walisoma kwa taasisi moja ya fizikia karibu na Moscow. Taasisi hiyo ilianzishwa na kikundi cha wanasayansi, na kati yao walikuwa Kapitza na Landau. Wajukuu wa darasa lake ndio walipita penye hesabu yake ilidhaniwa imefunga njia.

Walipotaka kujua elektroni za grafini ni za aina gani, walitumia nini? Viwango vya Landau. Ndani ya grafini zile ghorofa hazilingani kimo: ya kwanza iko juu sana, halafu zinazidi kubanana, na kuna moja inakaa sufuri kabisa. Elektroni zinakimbia karibu kilomita 1,000 kwa sekunde kana kwamba hazina uzito. Na ile pengo ya chini ni kubwa hivi kwamba, kwa sumaku kali sana, ghorofa zinaonekana hata kwa joto la kawaida la chumba.

Na njia waliyotumia kupima ile tabia ya elektroni, kuangalia stima ikipanda na kushuka sumaku ikiongezwa, ndiyo ileile ya Leiden ya 1930. Ina jina la wasee wawili: mzee wa maabara, Mholanzi de Haas, na Shubnikov. Stalin alimpiga risasi, lakini jina lake liko kwa karatasi za Manchester, kando ya la Dau, penye yangekuwa tangu mwanzo.

Mwaka wa 2019 filamu ndefu sana inayoitwa Dau, ya Ilya Khrzhanovsky, ilionyeshwa Paris baada ya kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 10, nyingi yake ikipigwa hapo Kharkov. Ilizua kelele nyingi. Lakini ukiniuliza, filamu ambayo ningelipia ni ya Kapitza usiku ule wa Aprili 1938, ameketi na kalamu, anajua Shubnikov ameshapotea, anajua barua moja inaweza kumpeleka naye pia, na bado anaandika.

Vichwa vikali viko kila mtaa. Wewe ukishikwa leo, nani atakuandikia barua kesho yake? Na je, wewe ungemwandikia nani?